Maji ya Nyuma ya Gari

Shule zikifungwa tu, Waturuki wa Duisburg, Ujerumani, huwa kama wamerogwa. Mtu aliyekaa mwaka mzima mbele ya tanuri la chuma bila kunung'unika, utamkuta barabarani amemkunjia jirani yake ngumi kwa ajili ya kamba ya kufungia mizigo. Durmuş naye hakuwa nyuma. Kiangazi kile cha mwaka themanini na saba, gari lake la Ford la watu tisa alilipakia baiskeli mbili, jokofu la binamu yake wa Ankara, godoro, ndoo za sabuni ya unga, kahawa ya kugawia kijiji kizima, na juu ya vyote zulia ambalo alilitoa huko huko nyumbani miaka ya nyuma na sasa analirudisha. Mkewe Hanife alimuuliza zulia la nini tena. Akajibiwa kwamba huu si wakati wa maswali.

Mama yake, Satı, alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma tangu kunapambazuka, kitambaa cheupe amekifunga vizuri chini ya kidevu, fuko lake mapajani. Hakuna aliyemwambia apande. Fuko lile alikataa kata kata lisiwekwe juu ya gari wala chini ya kiti, na Durmuş aliposema litamchosha mama mpaka Uturuki, alimwambia mbona yeye alimbeba miezi tisa na hakulalamika.

Ndani ya fuko mlikuwa na nguo zake zote, za baridi na za joto, miwani ya marehemu mumewe, na chini kabisa, imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, sanda yake. Mtu anayekwenda likizo hachukui sanda. Satı hakuwa anakwenda likizo. Alikuwa anarudi kwao, kijijini, mkoa wa Yozgat, na gari hili likigeuza pua kuja huku tena, yeye hatakuwemo. Jambo moja tu lilibaki, kumwambia mwanawe, na hilo lilikuwa limemkaa kooni tangu majira ya baridi.

Msije mkadhani aliteswa. Tangu Bekir mumewe afariki mwaka uliotangulia na Durmuş aje kumchukua, mkwewe alimfulia na kumpikia, akamhesabia vidonge vyake vya sukari na vya presha kila asubuhi. Wajukuu walilala naye chumba kimoja. Lakini ghorofa ya nne ni ghorofa ya nne. Dirisha linatazama ukuta, chini hupiti ukamsalimia mtu akakujibu, na maji ya bomba yana ladha ya msumari. Kule kwao kuna mfereji wa jiwe unaotiririka kutoka mlimani, kiangazi na masika, maji yake yanauma meno. Satı alikuwa akiamka huku Ujerumani anausikia, halafu anagundua ni choo cha jirani wa juu. Siku kama hizo alikuwa hasemi na mtu mpaka adhuhuri.

Gari lilikuwa limeshawashwa, Durmuş ameshasema bismillahi, mara Nesrin, mjukuu wake wa miaka tisa, akafungua mlango na kuruka chini. Alikuwa na sufuria ndogo ya kuchemshia maziwa. Akakimbia nyuma ya gari, akamwaga maji yote juu ya mawe ya barabara, akarudi mbio, akapanda, akabamiza mlango.

"Tayari," akasema, anahema. "Nimemwaga mimi, Bibi, kwa sababu huku nyuma hatuna mtu."

Moyo wa Satı ulifanya pa! Kwao, msafiri akiondoka, anayebaki mlangoni humwagia njia maji nyuma yake, amwombee: nenda kama maji, rudi kama maji. Kabla hajahamia Ujerumani, ni Satı aliyekuwa akifanya hivyo kila mwisho wa likizo. Nesrin alikua akimwona kupitia kioo cha nyuma, bibi na birika lake la shaba mlangoni, anakuwa mdogo, anapotea. Na sasa mtoto huyu, kwa mapenzi yake yote, alikuwa amemwaga maji huku Duisburg, kama kusema kwamba hapa ndipo nyumbani, na wote waliomo garini warudi hapa hapa. Bibi yake akiwemo.

"Nani kakutuma?" Satı akauliza.

"Hakuna. Nimekosea?"

Satı akasema hapana, na akatazama nje mpaka mji ulipokwisha.

Mvua ya Ujerumani ilikuwa inanyunyiza kama kawaida yake. Mbele na nyuma yao kulikuwa na magari mengine yaliyofungwa mizigo vile vile, nambari za Cologne, Essen, Rotterdam, na kila moja likipita, Durmuş alipiga honi na watoto wakapunga mikono, hata kama hawamjui mtu. Ilyas, kitinda mimba wa miaka minne, alikuwa anauliza kila baada ya daraja kama wamefika. Satı alikuwa anamjibu kwamba bado kidogo. Huku kimoyomoyo anapigana na yale maji. Yalimwagwa na mtoto, hayana nguvu, alijiambia. Halafu akajibu mwenyewe kwamba dua ya mtoto ndiyo inayosikilizwa haraka.

Austria walipumzika pembeni mwa barabara, penye meza za mbao na milima imejipanga nyuma. Hanife akatoa mayai ya kuchemsha, mikate ya jibini, nyanya, akawasha jiko dogo la gesi na kuweka mabirika mawili ya chai, moja juu ya jingine, mbele ya Waaustria waliokuwa wanakula soseji zao kimya na kutazama. Durmuş alikula amesimama. Nesrin akajisogeza kwa bibi yake. Alikuwa bado hajaridhika, mtoto yule. Alijua amekosea kitu, ila hajui nini.

Satı akamvuta, akaanza kumsuka upya nywele zilizofumuka. Ndipo jibu likamjia lenyewe, na alikuwa karibu kucheka.

"Sikiliza, mwanangu. Anayemwaga maji habebwi na gari. Ndiyo sheria yake. Anayemwaga hubaki. Anasimama pale pale mlangoni, anawangoja. Wewe umemwaga, halafu umepanda."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo maji yako yamekwenda bure."

Nesrin alinuna kidogo. Baadaye akauliza, basi nani atawamwagia wao Duisburg, kama kila mtu anapanda gari? Satı alifunga ncha ya msuko, akambusu utosini, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akaomba chai. Alikunywa vikombe viwili, na cha pili alikitia sukari huku Hanife amegeukia upande mwingine. Alikuwa huru. Hakuna aliyemwita kurudi.

Yugoslavia ndiko kwenye kazi. Barabara yenyewe nyembamba, wanaokwenda na wanaorudi wanatazamana uso kwa uso, malori yanapita na kulitikisa gari, na pembeni, kila baada ya muda, pana mashada ya maua na majina ya watu ambao hawakufika. Kila nyumba ya Waturuki wa Ujerumani ina mtu wake aliyelala kwenye barabara ile. Kwa hiyo ni desturi: dereva haachwi peke yake. Mtu hukaa kiti cha mbele, akaongea, lolote lile, hata upuuzi, dereva asije akasinzia. Hanife alikuwa ameongea tangu Zagreb mpaka sauti ikakauka. Mchana jua lilipokuwa kali, Satı akamgusa bega, akamwambia akalale nyuma na watoto, zamu hii ni yake.

Alipanga kumwambia hapo. Alikaa, akafunga mkanda, akatafuta pa kuanzia. Akaanza mbali.

Akamwelezea kuhusu jina lake. Durmuş alikuwa ameisikia hadithi hii mara nyingi lakini alimwachia mama aendelee, macho barabarani. Kabla yake Satı alizika watoto watatu, wote hawakumaliza mwaka. Alipozaliwa huyu wa nne, mkunga mzee akasema asipewe jina la nabii wala la babu, apewe jina la kumshika. Durmuş, aliyekaa, aliyesimama asiende. Na kweli akakaa. Satı mwenyewe jina lake ni la namna hiyo hiyo, la kuuzwa, maana naye wazazi wake walimuuza kwa uongo kwa jirani ili kifo kisimjue ni wa nani.

"Basi nilikuwa nikikuita hata bila haja," akasema. "Uko hapo mbele yangu unacheza na mimi naita tu, Durmuş, Durmuş. Nakukumbusha."

Durmuş akacheka. Kisha, kwa sababu alikuwa amechangamka na anampenda mama yake, akamwambia habari njema aliyokuwa ameiweka. Mwaka huu watafunga nyumba ya kijijini vizuri. Atapaka chokaa, ataziba paa, ataweka kufuli jipya, na yale mazulia yaliyobaki pamoja na sanduku la mbao la mama vitakwenda Duisburg, ili mama ajisikie yuko kwake. Kuna nyumba anaiulizia, ya chini, ina bustani. Utapanda nyanya zako, Mama. Hutapanda tena ngazi.

Alisema kwa furaha kiasi kwamba Satı aliyameza yale aliyokuja kumwambia. Akasema inshallah. Akaendelea kuongea habari za ng'ombe waliyekuwa naye zamani, aliyekuwa anafungua mlango kwa pembe, mpaka Belgrade ikaonekana.

Mpaka wa Bulgaria ndio uliosema kwa niaba yake. Foleni ilikuwa ndefu, joto la kukaanga mayai. Askari wa forodha, kijana mwenye masharubu machache, alitaka kuona mizigo ya ndani, akanyoosha kidole kwenye fuko la mapajani. Satı akalikumbatia. Hapo ndipo askari akalitaka zaidi. Akalifungua juu ya boneti la gari, akatoa sweta, akatoa miwani, akatoa mfuko wa plastiki, na kabla mtu hajasema kitu akakishika kile kitambaa cheupe kwa ncha moja na kukikung'uta. Sanda ikafunguka yote. Upepo ukaishika.

Askari akauliza kwa mikono, hii nini? Durmuş aliijua, alikuwa ameiona ya baba yake. Alimpokonya yule kijana kitambaa, si kwa ubaya, na kijana akaachia, nadhani aliuona uso wake. Akaanza kukikunja mwenyewe hapo barabarani, kwa haraka na vibaya, ncha hazikutani, mpaka Satı akashuka, akashika upande wa pili, wakakikunja pamoja kama watu wanaokunja shuka. Hawakutazamana.

Walivuka nusu ya Bulgaria. Hata Ilyas hakuuliza kama wamefika.

"Ulikuwa uniambie lini?" Durmuş akasema mwishowe.

"Nilikuwa natafuta njia."

"Ulitaka nijue siku ya kuondoka? Gari limejaa, watoto wamekaa, halafu wewe umesimama?"

Ndivyo hasa Satı alivyokuwa amepanga.

Yakamwagika yote. Nani atampa vidonge? Akianguka, nani atamwokota? Kijiji kimebaki na nyumba tano zenye moshi. Satı akasema Döndü yupo, jirani yao, wamekua pamoja. Durmuş akasema Döndü ni mzee kuliko yeye na ana jicho moja. Satı akasema jicho moja linatosha kumwona yeye. Nyuma Hanife akakohoa, ilikuwa ni kicheko. Durmuş hakucheka. Watu watasema amemtupa mama yake jangwani, akasema. Watu gani, Satı akamuuliza, wote si uko nao Duisburg?

"Mama, uliniita Durmuş nikae. Nimekaa. Sasa wewe ndiye unataka kuondoka."

Na Satı, kwa hasira na uchovu, akasema asichotaka kusema.

"Umekaa wapi, mwanangu? Ulikuwa na miaka kumi na tisa ulipopanda treni. Umekaa wapi?"

Durmuş alishika usukani kwa mikono miwili. Mara mbili aliinua mkono wake, akajifuta uso kwa kiwiko, na Satı, aliyemwona kwa pembe ya jicho, alitamani ulimi wake ukatike. Mtoto yule alipanda treni kwa sababu shamba halikuwatosha. Kila mtu alijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfungia mkate wa njiani.

Kapıkule, kwenye mpaka wa kwao, watu walikuwa wanashuka magarini na kubusu lami. Durmuş alinunua tikiti maji, akalipasua, akampa mama yake kipande cha katikati, kile kitamu. Huo ulikuwa msamaha wake, au jaribio. Satı alikula na machozi yakimtiririka, na hakuna aliyeuliza ni ya nini, maana pale kila mtu alikuwa analia.

Kijijini, nyumba ilikuwa imeinama kidogo upande wa zizi lakini ilisimama. Döndü alikuja na maziwa, wakashikana mikono wawili hao na kukaa kizingitini mpaka giza. Siku za kwanza Satı alikuwa kama msichana. Alifagia, akachuma majani ya mzabibu, akawaonyesha watoto mti ambao baba yao alianguka kutoka juu yake akavunja jino. Nesrin alijifunza kubeba maji. Durmuş alipaka chokaa na kuziba paa, na jambo lile hawakulitaja. Lakini kila jioni alikuwa akipigapiga kuta kwa kiganja, akisikiliza, na mama yake alikuwa hajui kama anaiaga nyumba au anaikagua.

Kisha ikaja asubuhi ya mfereji. Satı alikwenda kujaza birika la shaba kama alivyofanya maisha yake yote, jua halijawa kali, akainama, na dunia ikazunguka. Alipofumbua macho alikuwa mgongoni kwa Durmuş, mikono yake inaning'inia mbele ya kifua cha mwanawe, wanapanda njia ya nyumbani. Alisikia anavyohema. Alisubiri aseme, si nilikwambia? Hakusema. Alimlaza, akamvua viatu, akaenda nje, na kupitia dirishani Satı akamwona amekaa juu ya gogo la kupasulia kuni, uso ndani ya mikono, mabega yanatikisika.

Hilo ndilo lililomshinda. Jioni, wanakula, akasema nitakwenda nanyi. Alisema kama mtu anayeomba apewe chumvi. Durmuş aliitikia kwa kichwa tu. Kama alifurahi hakuonyesha, na Hanife aliacha kula.

Usiku wa mwisho Satı alipanga upya fuko lake. Ile sanda akaitoa, akaiweka ndani ya sanduku la mbao, chini ya blanketi, na akamwomba mwanawe sanduku hilo lisipandishwe garini. Angalau hiyo ibaki.

Asubuhi Döndü alikuja kuagana. Alimbusu huku na huku, akasema hawezi kukaa kutazama, akaenda zake kwa ng'ombe wake. Durmuş akafunga mlango kwa lile kufuli jipya, akatia ufunguo mfukoni. Birika la shaba lilibaki ndani, dirishani, Satı aliliona kupitia kioo. Akapanda. Fuko mapajani. Alijiambia asigeuke nyuma, na akageuka.

Gari likaguruma. Nesrin alikuwa amepiga magoti juu ya kiti, uso kwenye kioo cha nyuma, kama kila mwaka.

"Baba," akasema, "hakuna mtu nyuma."

"Nani anamwaga maji?" akauliza tena, kisha akafikiri. "Nishuke nimwage mimi? Lakini mimi napanda. Yatakwenda bure. Bibi kasema anayemwaga hubaki."

Mkono wa Durmuş ulikuwa juu ya gia. Ukakaa hapo muda. Yeye naye alitazama kioo chake, mlango mweupe kwa chokaa mpya, kizingiti kitupu. Maisha yake yote ya ughaibuni, miaka yote ile ya tanuri na mvua, aliwahi kuondoka pale bila kumwona mtu kwenye kioo kile? Hata mwaka aliomzika baba yake na kumchukua mama, Döndü alisimama pale na ndoo kwa ajili yao.

Akazima gari. Akashuka. Satı alisikia kufuli likifunguliwa na akadhani amesahau kitu, pengine pasipoti. Kisha akamwona anakwenda mferejini, ana birika mkononi, hatua kubwa kubwa za baba yake. Alirudi suruali imelowa mpaka magotini. Akafungua mlango wa pembeni.

"Shuka, Mama."

"Kuna nini?"

"Shika hili." Akamtia birika mkononi, baridi, zito, limejaa mpaka mdomoni. "Kama hapa hakuna wa kutuita, tutarudi kwa nani?"

Satı hakuelewa, halafu akaelewa. Durmuş akamshika kiwiko, akamteremsha kama mzigo wa vioo. Akachukua fuko, akaliweka kizingitini. Akatoa ufunguo, akaufungia mama yake kwenye ncha ya kitambaa chake cha kichwa kwa fundo, vile wanawake wa kule wafanyavyo, vidole vyake vinakosea. Hanife naye alikuwa ameshashuka, ana mfuko wa vidonge, kila aina kwenye karatasi yake. Alikuwa ameutenga tangu jana usiku, akasema, na Döndü ameshaelekezwa upi wa asubuhi na upi wa jioni. Durmuş akamkodolea macho mkewe. Hanife akamwambia asiulize maswali wakati wa safari.

Walimbusu mkono mmoja mmoja, wakauweka kwenye paji la uso. Ilyas aliuliza kama Bibi amefika. Hanife akamwambia ndiyo, Bibi amefika. Nesrin hakutaka kuachia. Ilibidi Satı amnong'oneze kwamba kazi yake ni kioo cha nyuma, asibanduke hapo mpaka mwisho, na ndipo mtoto akapanda.

Durmuş alikuwa wa mwisho. Aliinama juu ya mkono wa mama yake akakaa hivyo, na Satı akamnusa kichwani, petroli na chokaa, na chini yake ile harufu ya mtoto wake wa nne.

Gari likaondoka. Satı akanyanyua birika kwa mikono miwili, akamwaga, maji yakaruka yakang'aa yakaanguka kwenye alama za magurudumu. Nenda kama maji, rudi kama maji. Alisema mara moja kwa sauti, na mara nyingine tena kimya, kwa ajili ya kila mmoja wao. Mkono mdogo ulikuwa umebandikwa kwenye kioo.

Pale kwenye kona ya mti wa jozi, taa za breki zikawaka.

Satı alisimama kama gogo. Miaka arobaini alikuwa amemwita kwa jina lile, kaa, simama, usiende, na sasa gari limesimama pale, jekundu nyuma, linatetemeka. Alijua vizuri kabisa kwamba mlango ukifunguliwa atakimbia. Atalitupa birika, ataacha fuko, atapanda hivyo hivyo na viatu vyake vya nyumbani, na kiangazi kijacho hakutakuwa na mtu mlangoni. Akawa ananong'ona. Nenda, mwanangu. Nenda, nakuomba.

Taa zikazimika. Gari likakata kona, vumbi likabaki, kisha nalo likatulia, na mfereji ukaanza kusikika.

"Durmuş," akaita, kwa sauti ndogo ambayo isingefika hata kwenye zizi. Kisha akamshukuru Mungu kwamba hakusikia.